Sura ya Tano: Sanaa, Muziki na Uandishi katika Sekondari Msingi

Mwanafunzi anayeingia Gredi ya 7 nchini Kenya huwa na umri wa miaka 12 hivi, na anapomaliza Gredi ya 9 huwa amekaribia miaka 15. Miaka hiyo mitatu huitwa sekondari msingi, nayo ni kipindi ambacho mtoto huanza kujitazama kwa macho ya watu wengine, akagundua kwamba mchoro wake haufanani na kitu alichokusudia kukichora, kwamba sauti yake haitoki kama ilivyotoka mwaka uliopita, na kwamba insha aliyoiandika inaweza kusomwa na mtu asiyemtakia mema. Ndiyo maana masomo ya sanaa za kuona, muziki na uandishi wa kubuni, ambayo wazazi wengi huyahesabu kuwa ya ziada, yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi katika kipindi hiki kuliko katika kipindi kingine chochote cha shule. Mtoto wa miaka saba huchora hata asipofundishwa, na kijana wa miaka 17 anayependa kuchora hujitafutia njia. Wa miaka 13 ndiye ambaye, akikosa mtu wa kumshika mkono, huweka penseli chini na huenda asiishike tena.

Katika lugha ya mitaala, somo la hiari ni lile ambalo mwanafunzi hulichagua kutoka katika orodha fulani, na somo la lazima ni lile analolisoma apende asipende. Mpango wa kwanza wa sekondari msingi ulianza kutekelezwa Januari 2023, wakati kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, unaojulikana sana kwa kifupi cha CBC, lilipoingia Gredi ya 7. Mpango huo ulikuwa na masomo 12 ya lazima, na juu yake orodha ya masomo ya hiari ambayo mwanafunzi alitakiwa kuchagua moja au mawili. Sanaa za kuona, yaani uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, ususi na kazi nyingine ambazo jicho ndilo hakimu wake, ziliwekwa katika orodha ya hiari, na kadhalika sanaa za maonyesho, yaani muziki, ngoma na maigizo. Haukupita muda mrefu kabla ya mambo kugeuka. Jopo la Rais kuhusu mageuzi ya elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, liliwasilisha ripoti yake Agosti 2023 na kupendekeza masomo ya sekondari msingi yapunguzwe hadi tisa. Kuanzia mwaka 2024, sanaa za kuona, sanaa za maonyesho na michezo vikaunganishwa kuwa somo moja la lazima, Sanaa Bunifu na Michezo, lenye vipindi vitano kwa juma, kila kipindi kikiwa cha dakika 40.

Kwa hiyo swali la zamani, kwamba sanaa iwe ya lazima au ya hiari, lilijibiwa mara mbili katika muda wa miezi 12, na majibu yakapingana. Kila jibu lina uzito wake. Hiari ya mwaka 2023 ilimheshimu mwanafunzi, lakini katika shule nyingi ilikuwa hiari ya karatasini, kwa sababu shule yenye walimu wachache hutoa kwanza somo ambalo mwalimu wake yupo, na mtoto huchagua kilichobaki mezani. Ulazima wa mwaka 2024 ulimfikia kila mtoto, lakini ulizibana fani tatu kubwa katika vipindi vitano, na katika vitano hivyo mpira wa miguu na riadha vina haki yao. Msimamo unaotetewa katika sura hii ni kwamba kuonja hutangulia kuchagua, na kwamba mtoto hawezi kusemekana ameonja sanaa mpaka atengeneze kitu kwa mikono, koo au kalamu yake mwenyewe, akitazame, akione kasoro, na akirudie.

Kenya iliwahi kupita njia ya ulazima. Mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, ulikuja na dhamira ya kumpa mwanafunzi stadi za kumwezesha kujitegemea, na sanaa, ufundi na muziki vikafundishwa kwa wote katika shule ya msingi na kutahiniwa katika karatasi moja ya KCPE, mtihani wa mwisho wa darasa la nane. Tatizo ni kwamba karatasi hiyo ilikuwa ya maswali ya kuchagua jibu: mtahiniwa alisoma swali kuhusu rangi au noti, kisha akatia alama kwenye herufi moja kati ya A na D. Mtoto aliweza kupata alama za juu katika muziki bila kuimba hata ubeti mmoja, na katika ufundi bila kusuka hata kitunga; alichohitaji ni kukariri kwamba buluu na njano zikichanganywa hutoa kijani. Mwalimu aliyejua kwamba atahukumiwa kwa wastani wa alama za darasa lake aliacha udongo na brashi akashika chaki, na hakuna haki ya kumlaumu. Mtihani ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jumla ya alama ikashuka kutoka 700 hadi 500, karatasi ya sanaa na muziki ilikuwa miongoni mwa zilizoondolewa, na katika shule nyingi kipindi cha sanaa kikabaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani huku saa yake ikitumiwa kwa hisabati.

Umri wa wanafunzi hawa una tabia zake, na mwalimu asiyezijua huharibu kazi pasipo kukusudia. Viktor Lowenfeld, mzaliwa wa Austria aliyefundisha elimu ya sanaa nchini Marekani, aligawa ukuaji wa uchoraji wa watoto katika hatua, katika kitabu chake Creative and Mental Growth kilichotoka mwaka 1947. Kwa maelezo yake, mtoto mdogo huchora anachokijua: nyumba huonekana ndani na nje kwa wakati mmoja, na baba huwa mkubwa kuliko mlango kwa sababu baba ni mkubwa. Anapokaribia miaka 12 huanza kutaka kuchora anachokiona, akihangaikia umbali, kivuli na uwiano wa viungo, na hapo jicho lake huutangulia mkono wake. Anaona kwamba mkono wa mtu aliyemchora umetoka kifuani badala ya begani, lakini hajui namna ya kuurekebisha. Mwalimu akimwambia kwamba mchoro ni mzuri, mtoto hujua kwamba ameongopewa. Akimwambia kwamba hana kipaji, mtoto humwamini. Anachohitaji ni fundisho dogo na mahususi, kwa mfano kwamba macho ya mtu hukaa katikati ya kichwa, wala si juu kabisa karibu na nywele kama watoto wengi wanavyoyaweka, na kwamba kiwiko cha mtu aliyesimama wima hufika usawa wa kiuno. Kipimo cha aina hiyo hufundishwa kwa dakika tano, mbele ya mwenzake aliyesimama ubaoni, na siku hiyo hiyo mchoro hubadilika mbele ya macho ya mchoraji mwenyewe.

Sauti nayo hubadilika katika miaka hiyo hiyo. Wakati wa kubalehe zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, hukua, na nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa. Kwa wavulana sauti hushuka kwa takriban oktavu moja, yaani umbali wa noti nane, na kwa wasichana hushuka kidogo tu, ingawa nao huenda wakapitia kipindi cha sauti yenye hewa nyingi isiyotulia. Mtafiti wa Marekani John Cooksey alionyesha kwamba mabadiliko ya wavulana hupita katika hatua zinazotabirika, na kwamba katikati ya safari hiyo mvulana huwa na noti chache tu anazoweza kuziimba kwa uhakika. Maana yake kwa darasa ni kubwa. Mvulana aliyekuwa nyota wa kwaya akiwa Gredi ya 5 anaweza kukuta kwamba sauti inamkwama katikati ya wimbo, wenzake wakacheka, na mwalimu aliyebanwa na muda akamtoa kwenye mstari. Dawa yake si ngumu: mwalimu humtafutia sehemu ya wimbo yenye noti nne au tano, au humpa kiitikio kinachorudiwa kwa kimo kimoja, au humweka kwenye ngoma na kayamba kwa muhula mmoja huku akiendelea kuimba kwa upole. Nyimbo nyingi za jadi za Afrika Mashariki zimejengwa kwa mtindo wa kiongozi na waitikiaji, na mtindo huo una nafasi ya kila aina ya koo; kwaya ya sauti nne iliyoandikwa kwa watu wazima haina nafasi hiyo.

Darasa la muziki lenyewe huanza na ala, na ala inayopatikana kwa urahisi zaidi shuleni ni rekoda, filimbi ya plastiki yenye matundu saba mbele na moja nyuma. Watu huidharau kwa sababu ya kelele zake, na kelele hizo zina sababu mbili tu: mtoto hupuliza kwa nguvu kama anayepuliza moto, na kidole chake hakizibi tundu sawasawa. Mwalimu anayejua kazi yake huanza na noti moja, ile inayopigwa kwa kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kushoto, na huwataka wanafunzi wapulize kwa pumzi ndogo kama wanaopasha kioo mvuke, kila noti ikianza kwa ulimi kama wa anayetamka silabi “tu”. Vidole vikiinuliwa kutoka kwenye filimbi, ngozi ionyeshe alama ya duara kamili. Duara likiwa nusu, tundu halikuzibwa. Kwa noti tatu, yaani kwa kuongeza kidole cha kati na cha pete, darasa lina wimbo. Kwa watoto 50 wanaokaa wawili au watatu kwenye dawati moja, noti tatu zilizotulia ni kazi ya majuma kadhaa, na hapana aibu ndani yake.

Rekoda ni mlango tu. Katika maeneo mengi ya Kenya ipo ala iliyo karibu zaidi na mtoto, na mpigaji wake yu hai: nyatiti ya nyuzi nane kwa Waluo, litungu kwa Wabukusu, obokano kwa Wagusii, chivoti, yaani filimbi ya kupulizwa kwa ubavu, kwa Wadigo, na isukuti, ngoma za Waisukha na Waidakho ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Kayamba, ala ya Wamijikenda inayotengenezwa kwa matete yaliyofungwa bapa na kujazwa mbegu, inaweza kutengenezwa na wanafunzi wenyewe katika kipindi cha ufundi, ikachezwa katika kipindi cha muziki, na mwalimu asihitaji kusubiri mgao wowote kutoka makao makuu. Hapa ndipo muungano wa fani katika somo moja, ambao kwa upande mwingine umeleta msongamano, unapotoa faida isiyopingika: mtoto aliyekata matete mwenyewe, akahesabu mbegu ngapi hutoa mlio mkavu na ngapi hutoa mlio mzito, amejifunza kuhusu sauti jambo ambalo kitabu hakiwezi kumpa.

Shule nyingi zitajibu kwamba muziki zinao, na ushahidi wake ni vikombe vilivyopangwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Tamasha la Muziki la Kenya lina historia inayorudi nyuma hadi mwaka 1927, na hapana shaka kwamba limelea waimbaji, waongozaji wa kwaya na watunzi wengi, likahifadhi ngoma ambazo pengine zingesahauliwa. Lakini tamasha ni mashindano, na mashindano huchuja. Shule yenye wanafunzi 600 hupeleka 40, na hao 40 hufundishwa nyimbo mbili au tatu kwa miezi kadhaa, wakitolewa darasani, huku 560 wakipita nje ya dirisha na kusikia mazoezi. Kusema kwamba shule hiyo inafundisha muziki ni sawa na kusema kwamba shule yenye timu nzuri ya mpira inafundisha watoto wote kucheza. Tamasha libaki, na liheshimiwe. Lisitumike tu kama kisingizio cha kuliacha darasa bila ala.

Kuhusu sanaa za kuona, kilio kinachosikika mara nyingi ni cha vifaa. Kilio hicho ni cha haki kwa kiasi fulani, kwa kuwa rangi za mafuta na karatasi nzito ni ghali, lakini historia ya sanaa ya eneo hili inaonyesha kwamba uchache wa vifaa umewahi kuzaa mtindo. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1932 na kufariki dunia mwaka 1972, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia vipande vya mraba vya hadibodi iliyotumika katika ujenzi na rangi zinazong'aa za kupakia baiskeli. Rangi hiyo haichanganyiki kwa urahisi kama rangi ya mafuta ya wasanii, hukauka ikiwa na mng'aro, na humlazimu mchoraji kufanya kazi kwa maeneo mapana ya rangi moja yenye mipaka iliyo wazi. Sehemu ya sura ya michoro ya Tingatinga inatokana na kopo lenyewe. Aliwafundisha vijana wachache, wengi wao wakiwa jamaa zake, kwa kukaa nao na kuwaachia sehemu za kazi, na ndani ya miaka michache mtindo huo ukawa na jina lake.

Kwa darasa la sekondari msingi, makopo ya aina hiyo yapo mengi. Mkaa wa jikoni huchora vivuli vizuri kuliko penseli ya kawaida. Soli ya ndara iliyochakaa, ikichongwa kwa wembe chini ya uangalizi wa mwalimu na kupakwa wino, hutoa chapa safi inayoweza kurudiwa mara kumi kwenye kitambaa, na humfundisha mtoto kwamba anachokichonga kulia kitatokea kushoto, kwa hiyo herufi lazima ziandikwe kinyume. Udongo wa mtoni haununuliwi, ila una masharti yake: lazima upondwe na kukandwa mpaka mapovu ya hewa yaishe, mawe madogo yatolewe, na chungu kikauke kivulini kwa siku nyingi, kwa kuwa unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke motoni na kukipasua. Mtoto ambaye chungu chake kimepasuka ataukanda udongo wa pili kwa bidii ambayo maonyo ya mwalimu hayakuweza kuileta. Ni fundisho ghali, lakini linakaa.

Lipo pia suala la kunakili, ambalo huwasumbua walimu wengi. Mwanafunzi wa miaka 13 hupenda kunakili katuni kutoka kwenye televisheni au picha ya mchezaji maarufu, na mwalimu huweza kufurahi kwa sababu mchoro unafanana. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, aliwataka wanafunzi wake watafute picha katika maisha na hadithi za nyumbani kwao badala ya kuiga michoro ya Ulaya. Msimamo wake ulikuwa na mipaka, maana ni vigumu kwa mgeni kumwamulia mwenyeji kipi ni chake, na kijana wa leo anayeishi mjini ana haki ya kuihesabu katuni kuwa sehemu ya dunia yake. Hata hivyo, makumi ya wasanii walipitia shule hiyo, akiwemo Elimo Njau, Mtanzania aliyeanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, akaifanya kuwa nyumba ya wasanii Waafrika na kuhimiza daima ubunifu usio wa kuiga. Njia ya kati inafaa zaidi darasani: mtoto anakili siku ya kwanza ili mkono ujifunze, na siku ya pili amchukue mhusika yuleyule amwingize sokoni kwa mama yake, mahali ambapo hapana picha ya kunakili.

Uandishi wa kubuni una hali ya peke yake. Haumo katika Sanaa Bunifu na Michezo. Umeachwa katika masomo ya lugha, na kule umezoeleka kuwa insha ya mtihani. Chini ya KCPE, iliyofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ya Kiswahili iliandikwa kwa dakika 40 na kutuzwa kwa alama 40, na katika mbio hizo palizaliwa namna ya uandishi inayotambulika mara moja na kila aliyesoma Kenya. Mtoto alifundishwa kukariri mapambo: mianzo inayoelezea mapambazuko na ndege, orodha za tashbihi, yaani ulinganishi wa kitu na kitu, methali za kufungulia na za kufungia, na msamiati mzito wa kumshtua msahihishaji. Insha ya ajali ya barabarani, ya arusi na ya siku ya michezo zote zilianza kwa jua lilelile. Hapana ubaya katika methali wala katika msamiati. Kiswahili kina hazina ambayo kila mtoto anastahili kuirithi. Ubaya ni kwamba mtoto alivikwa nguo za wengine kabla ya kuulizwa alichokiona. Mtaala ulibadilika, lakini madaftari ya mapambo bado yanapita kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake.

Kipindi cha uandishi kinachostahili jina hilo hudai mambo mawili ambayo mtihani hauwezi kuyatoa: kitu mahususi cha kuandika, na nafasi ya kuandika upya. Mwalimu anaweza kuwaagiza wanafunzi waandike kuhusu mikono ya mtu mmoja wanayemfahamu, kwa sentensi kumi, bila kutumia neno zuri wala neno baya. Rasimu ya kwanza, yaani andiko la awali ambalo halijasafishwa, huwa na mambo ya jumla. Wanapoketi wawili wawili na kusomeana, msikilizaji akiruhusiwa swali moja tu, kwamba ulionaje, ndipo yanapojitokeza mambo ambayo mwandishi alikuwa nayo muda wote: kucha yenye rangi ya mafuta ya gari, kovu la kisu cha kuchunia, kidole kinachotangulia kuonja mchuzi. Rasimu ya pili huandikwa siku nyingine. Kwa mwanafunzi aliyezoea kwamba insha ikishatiwa wino mwekundu imekwisha, kule kurudi kwenye maneno yake mwenyewe ni jambo geni kabisa.

Ushairi wa Kiswahili unatoa nafasi bora zaidi, kwa sababu ndani yake muziki na uandishi havijaachana. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo kwa kawaida una vipande viwili, ukwapi na utao, vyenye mizani nane kila kimoja. Mizani ni hesabu ya silabi. Mashairi yalitungwa ili yaimbwe, kwa hiyo silabi ikizidi au ikipungua, koo huisikia kabla jicho halijaiona. Chukua mwanafunzi anayetaka kuandika kipande kuhusu mafuriko. Anaandika kwamba mto umefurika, anapiga makofi kwa kila silabi, m-to-u-me-fu-ri-ka, na anapata saba, kwa kuwa ile m ya mto inahesabiwa peke yake. Anaongeza neno sasa, inakuwa tisa. Anajaribu ulifurika na unafurika, zote saba. Kisha anapata mto umeshafurika, na makofi yanatimia nane. Lakini silabi hiyo moja haikujaza pengo tu. Imeleta maana kwamba jambo limekwisha tokea na hapana la kuzuia, na mshororo unaofuata lazima usimulie watu waliochelewa badala ya watu wanaoonywa. Katika dakika tatu mtoto huyo ameshughulika na sarufi ya nyakati, na hesabu, na mapigo ya ngoma, na hatima ya wahusika wake, na hakuna aliyemwambia kwamba anasoma sarufi. Kanga nayo hufaa kwa zoezi la namna hiyo, maana jina lake, yaani maandishi yaliyo juu ya pindo la chini, humbana mwandishi katika mstari mmoja ambao lazima useme jambo kwa jirani bila kumtaja.

Yote haya yanahitaji muda usiokatwakatwa, na hapo ndipo ratiba inapodai marekebisho ambayo shule inaweza kuyafanya yenyewe. Katika dakika 40, darasa la ufinyanzi hutumia 10 kuleta udongo na maji na 10 nyingine kusafisha, na kazi hubaki na 20. Vipindi viwili vikiunganishwa mara moja kwa juma, kazi hupata saa nzima, na vitatu vinavyobaki vikagawanywa kati ya muziki na uwanja wa michezo. Pia ni afadhali muhula mmoja uwe wa udongo na wa pili uwe wa sauti kuliko kugusa kila kitu kila juma. Suala la mwalimu ni gumu zaidi, kwa sababu walimu wa sekondari nchini Kenya huandaliwa kwa masomo mawili ya kufundishia, na aliyeandaliwa kwa muziki au sanaa ni adimu. Mwalimu wa kemia hujikuta amekabidhiwa rekoda. Anaweza kufaulu akikubali kujifunza mbele ya wanafunzi, na akimwita fundi wa kijijini, mfinyanzi au mpiga litungu, aje darasani siku moja kwa juma na alipwe kwa kazi yake kama anavyolipwa fundi mwingine yeyote anayefanya kazi shuleni.

Hiari iliyoondolewa mwaka 2024 inarudi mwishoni mwa Gredi ya 9. Sekondari ya juu, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2026, ina mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na sayansi ya michezo. Wizara ya Elimu ilieleza kwamba ilitarajia takriban asilimia 60 ya wanafunzi waingie katika mkondo wa kwanza, 25 katika wa pili na 15 katika wa tatu. Katika matokeo yanayotumika kuwapanga, mtihani wa Gredi ya 9 hubeba asilimia 60, tathmini zinazofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na tathmini ya Gredi ya 6 asilimia 20 iliyobaki. Zile 20 za katikati ndizo zinazoweza kubeba kazi ya mikono ikiwa walimu watazichukua kwa uzito.

Chombo cha kubebea kazi hiyo ni kabrasha la karatasi mbili za manila zilizoshonwa pembeni, lenye jina la mwanafunzi, likikaa shuleni tangu Gredi ya 7. Ndani yake hukaa mchoro wa kwanza wa mtu ambaye mkono umetoka kifuani, na mchoro wa mwaka wa pili ambao mkono umerudi begani. Chapa ya soli ya ndara. Rasimu tatu za ubeti mmoja, makosa yakiwa hayakufutwa. Karatasi yenye noti alizoweza kuzipiga kila muhula, na tarehe zake. Fomu ya kuchagua mkondo inapofika, mzazi, mwalimu na mwanafunzi wanaweza kukaa pamoja na kulifungua kabrasha hilo juu ya meza, wakapanga karatasi kwa mfuatano wa tarehe, kabla yeyote kati yao hajashika kalamu.